NDUGU WAWILI, WASTANI MMOJA
Somo la takwimu kutoka uwanja wa besiboli

Kila mwisho wa muhula mwalimu huketi mezani na orodha ya alama, akajumlisha, akagawanya, kisha akaandika wastani wa kila mwanafunzi. Wanafunzi wawili wakipata wastani ulio sawa, watu wengi husema mara moja kwamba uwezo wao ni sawa. Je, ni kweli? Katika makala hii tutalijibu swali hili kwa kutumia mfano wa mbali kidogo: wachezaji wawili wa besiboli wa Marekani, waliozaliwa tumbo moja, ambao wastani wao wa upigaji katika maisha yao yote ya uchezaji ulikaribiana mno hata ukadhani umenakiliwa. Mmoja ni Wes Ferrell, mwenye wastani wa 280 kwa elfu. Wa pili ni kaka yake Rick Ferrell, mwenye wastani wa 281 kwa elfu. Hata hivyo, mtu aelewaye mchezo huo akiambiwa namba hizi mbili, ataiona ya kwanza kuwa ni ajabu na ya pili kuwa ni ya kawaida tu.

Sababu ya tofauti hiyo haimo katika namba zenyewe. Imo katika wenzao, yaani katika kundi la watu ambalo kila mmoja wao anapaswa kulinganishwa nalo.

Mchezo wenyewe

Yafaa kwanza tueleze mchezo huu kwa ufupi. Katika besiboli timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu: timu moja hupiga na nyingine hulinda uwanja. Mtupaji wa timu inayolinda husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji, ambaye ameshika gongo la mti lenye umbo la mviringo. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kuupokea mpira usiopigwa na kumwongoza mtupaji kwa ishara. Mpigaji akiupiga mpira vizuri hukimbia kuelekea kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, na anayevizunguka vyote na kurudi alikoanzia huipatia timu yake pointi moja. Pigo likiupeleka mpira nje ya uwanja, mpigaji huvizunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Hilo tutaliita pigo la mzunguko mzima.

Kupiga mpira huo si kazi rahisi. Toka alama ya mtupaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira unaokwenda kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa husafiri takriban mita 40 kwa sekunde. Kwa hiyo, hufika katika muda usiotimia nusu sekunde. Katika muda huo mpigaji hana budi kuuona mpira, kukisia utapita wapi, kuamua kupiga au kuuacha, kisha kulizungusha gongo. Ndiyo maana hata wapigaji hodari hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu. Mtu wa mwisho kumaliza msimu katika ligi kuu za Marekani akiwa na wastani wa zaidi ya 400 kwa elfu, miongoni mwa wale waliokuwa na zamu za kutosha kushindania ubingwa wa upigaji katika ligi hizo za miaka hiyo, alikuwa Ted Williams mwaka 1941. Alipata mapigo 185 katika zamu 456, ambayo ni 406 kwa elfu. Maana yake ni kwamba mpigaji huyo bora alishindwa karibu mara sita katika kila mara kumi.

Wastani wa upigaji hupatikanaje?

Kanuni yake ni nyepesi: idadi ya mapigo salama hugawanywa kwa idadi ya zamu za kupiga. Pigo salama ni lile linalomwezesha mpigaji kufika kituoni kwa nguvu ya pigo lake mwenyewe. Jibu huandikwa kwa desimali tatu. Katika makala hii tutaiacha nukta na kusema kwa elfu.

Wes Ferrell alipata mapigo 329 katika zamu 1,176:
329 ÷ 1,176 = 0.280
Rick Ferrell alipata mapigo 1,692 katika zamu 6,028:
1,692 ÷ 6,028 = 0.281

Hata katika hesabu nyepesi kama hii, kuna maamuzi ya kibinadamu yaliyofichika. Si kila mara mtu anaposimama kupiga ndipo zamu huhesabiwa. Mtupaji akitupa mipira mibaya minne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na zamu hiyo haihesabiwi katika wastani. Aidha, mpigaji akifika kituoni kwa sababu mlinzi amefanya kosa, zamu huhesabiwa lakini pigo halihesabiwi. Nani huamua kama ni pigo au ni kosa? Ni mwandishi rasmi wa mchezo, aketiye pembeni na kalamu yake.

Tarehe 29 Aprili 1931 uamuzi wa namna hiyo uliwagusa ndugu hawa wawili kwa wakati mmoja. Wes alikuwa mtupaji wa timu ya Cleveland. Rick alikuwa mdakaji wa timu ya St. Louis. Siku hiyo Wes alitupa mchezo mzima bila kumruhusu mpinzani yeyote kupata pigo salama hata moja, jambo ambalo ni adimu na la heshima kubwa. Aliyekaribia kuiharibu heshima hiyo alikuwa kaka yake mwenyewe. Rick alipiga mpira mkali, mlinzi akaufikia, lakini alipoutupa kwenye kituo cha kwanza haukufika sawasawa. Mwandishi wa mchezo akaandika: kosa. Cleveland ikashinda 9 kwa 0, na Wes mwenyewe akapiga pigo la mzunguko mzima.

Sasa na tufanye hesabu. Kama mwandishi angeandika pigo, Rick angekuwa na mapigo 1,693 katika zamu zile zile 6,028, na wastani wake ungebaki 281 kwa elfu. Kwake lisingebadilika lolote. Lakini kwa Wes, heshima ya siku ile ingetoweka yote. Hapa tunapata fundisho la kwanza: kabla ya kuutumia wastani wowote, ni lazima tujue kilichohesabiwa, kisichohesabiwa, na ni nani aliyehesabu.

Wenzao ni akina nani?

Wes alicheza katika ligi kuu toka mwaka 1927 hadi 1941. Alikuwa mtupaji kwa kazi yake, na kwa kazi hiyo alishinda michezo 193 na kupoteza 128. Rick alicheza toka mwaka 1929 hadi 1947, akiwa mdakaji katika michezo 1,806.

Watupaji huchaguliwa kwa sababu ya mkono wao wa kutupa, wala si kwa sababu ya gongo. Hawachezi kila siku, kwa kuwa mkono unahitaji kupumzika. Hivyo, hupata zamu chache za kupiga, na muda wao wa mazoezi huishia katika kutupa. Matokeo yake ni kwamba watupaji, kama kundi, walikuwa wapigaji dhaifu kuliko wachezaji wa nafasi nyingine zote. Mfano mashuhuri ni Sandy Koufax, aliyekuwa miongoni mwa watupaji bora kabisa wa karne ya 20. Alipata mapigo 75 tu katika zamu 776, yaani 97 kwa elfu.

Na tuwatazame watupaji sita wenye majina makubwa, kila mmoja na mapigo yake, zamu zake, na wastani wake kwa elfu:

George Uhle: mapigo 393, zamu 1,360, wastani 289
Red Ruffing: mapigo 521, zamu 1,937, wastani 269
Walter Johnson: mapigo 547, zamu 2,324, wastani 235
Bob Lemon: mapigo 274, zamu 1,183, wastani 232
Warren Spahn: mapigo 363, zamu 1,872, wastani 194
Sandy Koufax: mapigo 75, zamu 776, wastani 97

Mwanafunzi akiulizwa wastani wa kundi hili, huenda akajumlisha namba sita za mwisho na kugawanya kwa sita. Atapata 219. Mwenzake akijumlisha mapigo yote, ambayo ni 2,173, na kuyagawanya kwa zamu zote, ambazo ni 9,452, atapata 230. Nani amekosea? Hakuna aliyekosea katika kujumlisha, ila wamejibu maswali mawili tofauti. Wa kwanza amempa kila mtu uzito ulio sawa, hata Koufax mwenye zamu chache. Wa pili ameipa kila zamu uzito ulio sawa, na kwa hiyo Johnson, mwenye zamu 2,324, amehesabika karibu mara tatu ya Koufax. Mtu atakaye kujua mtupaji wa kundi hili alikuwa mpigaji wa namna gani, atatumia njia ya kwanza. Mtu atakaye kujua zamu moja ya kundi hili ilikuwa na matumaini gani, atatumia ya pili. Hatari ni kuchukua jibu la swali moja na kulipeleka kwenye swali jingine.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, Wes na 280 yake amesimama juu sana. Lakini yatupasa kuwa waangalifu zaidi. Orodha yetu haikuchaguliwa kwa kura. Tumewachukua watu mashuhuri, na wanne wa mwanzo, hasa Uhle, Ruffing na Lemon, wanakumbukwa kwa sababu, pamoja na kutupa, walijua pia kupiga. Mtupaji wa kawaida hayumo. Kwa hiyo, tukimlinganisha Wes na orodha hii tunamlinganisha na walio bora, na pengo kati yake na mtupaji wa kawaida lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana hapa. Kundi la kulinganishia likichaguliwa vibaya, hata hesabu iliyo sahihi hutoa jibu lenye kupotosha.

Nyakati nazo ni mizani

Jambo jingine ni zama. Mwaka 1930 wapigaji wote wa Ligi ya Taifa kwa pamoja walikuwa na wastani wa 303 kwa elfu. Mwaka 1968 ligi zote mbili kuu kwa pamoja zilikuwa na wastani wa 237 tu. Watupaji walikuwa wametawala mno hata sheria zikabadilishwa: mwaka 1969 kilima anachosimama mtupaji kilipunguzwa kimo kutoka inchi 15 hadi inchi 10. Ni dhahiri kwamba wastani wa 280 mwaka 1930 na wastani wa 280 mwaka 1968 si kitu kimoja, kama vile shilingi mia ya mwaka mmoja isivyonunua kiasi kile kile cha unga mwaka mwingine.

Ndugu wa Ferrell kwa bahati nzuri walicheza katika zama moja, na kwa miaka kadhaa katika timu moja: Boston toka mwaka 1934, kisha wote wawili wakahamishiwa Washington mwaka 1937. Katika miaka yao wastani wa wapigaji wote wa ligi yao ulikuwa karibu na 280 kwa elfu. Kwa hiyo, Rick alikuwa mpigaji wa wastani katika ligi yake. Wes naye alikuwa mpigaji wa wastani katika ligi hiyo hiyo, lakini akitoka katika kundi ambalo hakuna aliyelitarajia lifike hapo. Kwa timu yake ilikuwa kana kwamba wenzake wanapiga kwa wachezaji wanane na yeye amewaletea wa tisa.

Sehemu ya bahati

Mwaka 1935 Wes alipata mapigo 52 katika zamu 150, yaani 347 kwa elfu. Je, mwaka huo aligeuka kuwa mpigaji mwingine? Hapa hatuna budi kuuliza bahati peke yake ingeweza kufanya nini.

Tuseme mpigaji ana uwezekano wa kufaulu p katika kila zamu, na amepata zamu n. Kadirio la kuyumba kwa wastani wake kwa sababu ya bahati tu ni kipeuo cha pili cha p(1 − p) ÷ n. Kwa p = 0.28 na n = 150, jibu ni karibu 0.037, yaani 37 kwa elfu. Kwa kawaida matokeo mengi, takriban 95 katika kila 100, huangukia ndani ya umbali wa mara mbili ya kadirio hili. Mara mbili ya 37 ni 74. Tofauti ya 347 na 280 ni 67. Kwa hiyo, msimu ule uliotukuka ungeweza kutokea bila Wes kubadilika hata kidogo.

Tukitumia kanuni hiyo hiyo kwa maisha yake yote ya uchezaji, yenye zamu 1,176, kuyumba ni 13 kwa elfu. Kwa Rick, mwenye zamu 6,028, ni 6 tu. Zamu zikiongezeka mara nne, kuyumba hupungua kwa nusu. Sasa twaweza kusema mambo mawili. Kwanza, tofauti ya Uhle na Wes, ambayo ni 9 tu kwa elfu, haitoshi kutuambia nani alikuwa mpigaji bora. Pili, tofauti ya Wes na Koufax, ambayo ni 183, haiwezi kusingiziwa bahati.

Kweli, kanuni hii huchukulia kwamba kila zamu ina uwezekano ule ule, nasi twajua kwamba watupaji hawalingani na mpigaji huchoka. Hata hivyo, inatupatia kipimo cha kutuzuia tusishangilie upepo.

Yaliyofichwa na wastani

Sasa turudi kwa ndugu wawili. Wes alipiga mapigo 38 ya mzunguko mzima, na 37 kati ya hayo aliyapiga akiwa katika nafasi ya mtupaji, kiasi ambacho hakuna mtupaji mwingine aliyekifikia. Rick alipiga 28. Tukigawanya, Wes alipiga moja katika kila zamu 31, na Rick moja katika kila zamu 215. Wastani haukutuambia hayo, kwa kuwa katika hesabu yake pigo la kituo kimoja na pigo la mzunguko mzima ni kitu kimoja.

Je, basi Wes alikuwa bora? Tusiwe na haraka. Rick alikuwa na jicho kali na subira. Mara 931 alipewa kituo cha kwanza bure kwa kuiacha mipira mibaya. Wastani haukutuambia hayo pia, kwa kuwa zamu hizo hazihesabiwi. Tukiziingiza, Rick alifika kituoni mara 378 katika kila elfu, na Wes mara 351. Mmoja alikuwa na nguvu, mwingine alikuwa na subira, na namba 280 na 281 zikawafunika wote wawili kwa shuka moja.

Mwaka 1984 Rick aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown, katika jimbo la New York. Wes alikuwa amefariki mwaka 1976, na jina lake halikuwekwa humo. Wapenzi wa mchezo wamebishana sana juu ya jambo hilo. Takwimu haiwezi kuumaliza ubishi wao, kwa sababu mwenye kuuliza nani alikuwa bora lazima kwanza aseme: bora katika kazi gani, na kati ya nani?

Kundi lililofungwa

Mizani ya kumpimia Wes haitaongezewa tena. Tangu mwaka 1973 Ligi ya Marekani iliruhusu mchezaji maalumu apige badala ya mtupaji, na mwaka 2022 Ligi ya Taifa nayo ikaipokea sheria hiyo moja kwa moja. Mwaka 2021, msimu wa mwisho wa desturi ya zamani, watupaji kwa pamoja walipiga 110 kwa elfu. Leo Mjapani Shohei Ohtani hutupa na kupiga kwa ustadi mkubwa, lakini hana kundi la kumlinganisha nalo. Hapo ndipo tuonapo kwamba mtu anaweza kuwa na namba nzuri sana na bado tukakosa wenzake wa kumpimia.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kulionyesha somo hili kwa gharama ndogo. Tieni katika mfuko usioonyesha ndani maharage 25 yanayolingana kwa ukubwa: 7 ya rangi moja, yawe mapigo, na 18 ya rangi nyingine, yawe makosa. Hiyo ni sawa na 280 kwa elfu. Kila mwanafunzi achote harage moja bila kutazama, aandike rangi yake, alirudishe, atikise mfuko, na kurudia mara 150. Kisha kila mmoja atafute wastani wake.

Mtaona kwamba mwanafunzi mmoja atajivunia 330 na mwenzake atasikitikia 230, ingawa wote wamechota katika mfuko mmoja. Jumlisheni mapigo ya darasa zima na kuyagawanya kwa michoto yote, nanyi mtaiona 280 ikijitokeza. Baada ya hapo chukueni orodha ya alama za muhula, muulizane upya: tofauti hii ya alama mbili kati ya wanafunzi hawa wawili ni ya uwezo, au ni ya mfuko?